Walimu wa Nusu Siku

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yalifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Yote mawili yalipita njia moja: kupanda mito Zambezi na Shire, kisha kwa chombo ziwani mpaka ufukoni kwetu. Wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky, mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi Afrika Kusini. Wa Moravian walikuwa vijana, mmoja wao Theodor Meyer, ambaye wazee wa Rungwe bado wanamtaja. Haikupita miaka mingi vikawapo vituo Rungwe na Manow huko mlimani, na huku bondeni Ipyana, Ikombe, na baadaye Matema.

Vitabu vya jubilei vya makanisa yetu vimeisimulia habari hiyo, na picha za nyumba za kwanza za matofali ya kuchoma kila mtu amekwisha kuziona. Wapo watu, hata hivyo, ambao vitabu hivyo huwapitia kwa sentensi moja au mbili, nao ni walimu wa vijijini. Nataka kukaa nao kidogo katika kurasa hizi, kwa kuwa mimi ni wa uzao wao.

Msomaji asidhani kwamba shule iliwakuta watoto wa Kinyakyusa bila malezi. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji, na hapo ndipo pakawa mwanzo wa kijiji chao wenyewe, ipanga. Walichunga ng'ombe pamoja, walilima mashamba ya baba zao, na kula walikula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Somo kuu hapo lilikuwa ukwangala, yaani kujua kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao na kuvumiliana nao. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya 1934 na 1938, waliliona jambo hilo kuwa kubwa kiasi kwamba Monica alilifanya kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1951. Mtu aliyependa kula peke yake hakuaminiwa na watu.

Katika ipanga hakuna aliyefaulu wala aliyeshindwa. Siku ya kutoka, ile ya kukabidhiwa nchi na wazee, rika zima lilitoka pamoja. Shule ilikuja na desturi nyingine: ilimwita mtoto kwa jina lake, mmoja mmoja, ikamwuliza yeye peke yake. Silaumu. Hata ubatizo humwita mtu kwa jina lake. Mwanamke wa kwanza kubatizwa na Wamoravian kule Rungwe mwaka 1897, Fiyabarema, alichukua jina jipya la Numwagire, maana yake "nimempata", na hakuna rika lililosema neno hilo kwa niaba yake. Hata hivyo msomaji alikumbuke jambo hili la mmoja mmoja, maana ndilo lililokuja kunigusa mimi.

Wamisionari walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Shule za matawi zilipoanza kuenea nje ya vituo, hapakuwa na namna nyingine ila kuwatuma vijana waliokwisha kuokota kusoma. Elimu ya kijana wa namna hiyo ilikuwa ndogo: kitabu cha alfabeti, hadithi za Biblia, nyimbo, hesabu za kujumlisha na kutoa. Alifundisha kwa Kinyakyusa, lugha ambayo Wajerumani waliiita Kikonde, na jina la Mungu alilolitamka lilikuwa Kyala. Jina hilo halikuja na meli. Lilikuwapo hapahapa, likiheshimiwa ufukoni chini ya Milima ya Livingstone kabla Mjerumani hajaona maji ya Nyasa. Kwa hiyo mwalimu yule alikuwa anawasomea watu neno wanalolijua kutoka katika karatasi wasiyoijua. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, na aliifanya akiwa ametangulia wanafunzi wake kwa kurasa chache tu.

Tangu mapema palikuwa na ubishi juu ya faida ya shule. Wamisionari walitaka wasomaji wa Biblia, Wakristo watakaokaa vijijini kwao. Vijana wengi walitaka pia Kiingereza, Kiswahili na kazi ya kalamu. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Nyasaland, Waskoti wa Livingstonia walikuwa wamefungua Taasisi ya Overtoun huko Khondowe mwaka 1894, na waliosoma kule walijulikana mbali kwa kazi za ukarani, hadi Rhodesia na Afrika Kusini. Kijana wa Kyela aliyesikia habari hizo hakuhitaji ramani. Kwa hiyo ule usemi wetu wa leo kwamba mtoto "amesoma, ameondoka" una umri mkubwa. Tangu wakati huo aliyesoma kidogo alibaki kufundisha na aliyesoma zaidi aliondoka.

Halafu ikaja 1916. Majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Kwa siku chache tu vituo vilibaki bila wachungaji. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia kadiri walivyoweza, lakini nchi ilikuwa kubwa na wao pia walikuwa wachache. Wajerumani wenyewe hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho waliokusanya watu Jumapili, wakafundisha katekisimo na kushika chaki pale ilipokuwapo, walikuwa walewale vijana wa kurasa chache. Hapakuwa na mtu wa kuwakagua. Sijui kama kuna mtihani mkubwa kuliko huo ambao mwalimu anaweza kupewa. Mwaka 1939 vita vya pili viliwarudisha watu wetu katika hali hiyohiyo, na kwa mara nyingine hawakufunga milango.

Niseme neno kuhusu waliosoma wakaenda mbele, ili nisionekane ninawaonea wivu. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya Malangali huko Iringa kwa ajili ya vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Mkuu wake, W. B. Mumford, alitaka wanafunzi walelewe kwa mila, hata mavazi yao yawe ya asili na si kaptula. Nia yake huenda ilikuwa njema. Lakini kijana anayetumwa shule na ukoo mzima ili aje kuwa karani, kuvikwa shuka ili asiache kuwa mtu wa kabila lake ni jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha kwa pamoja. Na akina Wilson niliowataja, wasingeandika walichoandika bila msomi mmoja wa kwetu, Leonard Mwaisumo, karani aliyekuwa mkalimani wao na mkusanyaji wa habari zao. Alizaliwa 1910 akafariki 1938, kabla hata kimoja cha vitabu vile vikubwa hakijachapwa. Elimu yake ilimfikisha mbali na bado jina lake wengi wa Kyela hawalijui.

Sasa nifike kwangu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizihamisha shule za makanisa kwenda serikalini, na mimi nilikuwa mtoto wa madarasa ya chini wakati ubao wa misheni ulipoondolewa ukutani. Walimu walibaki walewale. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, tuliijua kwa jembe: shule ilikuwa na shamba la mpunga, na nilijua kupandikiza kabla ya kujua kugawanya. Mwaka 1975 nilimaliza darasa la saba. Tulikuwa arobaini na kitu. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yaliposomwa yalikuwa matatu, na langu halikuwamo.

Neno lililotumika lilikuwa "kuchaguliwa". Hatukuambiwa tumefeli, tuliambiwa hatukuchaguliwa. Kwa mtoto wa familia ya kanisa, neno hilo lilikuwa zito kuliko kufeli. Kila Jumapili tulisikia mahubiri juu ya wateule, na hapa palikuwa na orodha iliyobandikwa mlangoni ikionyesha nani mteule na nani si mteule. Rafiki yangu mmoja aliyeachwa kama mimi aliacha kuja kanisani mwaka mzima. Nilimwelewa. Rika letu, ambalo kwa babu zetu lingetoka pamoja, lilikatwa vipande viwili kwa karatasi moja.

Lakini Novemba 1974 chama kilikuwa kimepitisha Azimio la Musoma: ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Huo ndio mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Madarasa yangejengwa na wazazi, na kweli yalijengwa. Walimu hawafyatuliwi kama matofali. Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwafundisha ualimu wakiwa hukohuko vijijini huku tayari wanafundisha. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa nchi nzima. Mwaka 1976 uongozi wa kijiji chetu uliniita. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Asubuhi tulifundisha, mchana tulifundishwa. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na ndiyo maana tulijiita walimu wa nusu siku. Tulikutana kituoni, vijana kumi hivi, mkufunzi akatusomesha. Masomo mengine yalikuja katika vijitabu kwa njia ya posta, na mengine kwa redio. Redio ilikuwa moja, na betri zikiisha nguvu tulizianika juani zipate uhai wa dakika ishirini zaidi. Saa tisa alasiri nilijifunza namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Kesho yake saa mbili asubuhi nilisimama mbele ya darasa la tano nikafundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Baadhi ya wanafunzi walikuwa na umri wangu, na mmoja alikuwa na ndevu.

Watu wa Kyela wanajua mvua zetu. Mwezi wa nne mito ya Kiwira na Mbaka hutoka kitandani na njia za shule huwa maji. Tulivusha watoto kwa mtumbwi, na siku nyingine darasa lilikuwa la watoto tisa walioishi upande wetu wa mto. Hao tisa walifundishwa. Baada ya miaka mitatu hivi ya utaratibu huo tulikwenda chuoni kwa wiki chache, tukafanya mtihani, tukapewa cheti cha Daraja la C. Kwa wengi wetu hicho ndicho chuo tulichokiona.

Nchi nzima walitucheka. Herufi za UPE wakazifasiri kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule ulikuwa mzuri, ninakiri kwamba hata sisi tuliucheka, lakini uliniuma usiku. Mtoto wa watu ameletwa kwako na mama aliyeuza mpunga apate kumnunulia daftari, na wewe unajua ulichonacho ni cha jana alasiri. Je, huu ni wito, au ni kudanganya watu kwa kibali cha serikali? Swali hilo nililibeba miezi mingi kabla sijalisema kwa mtu.

Nililisema kwa mwinjilisti wetu, mzee aliyefundisha shule ya tawi tangu zamani za wamisionari. Nilimkuta anasuka mkeka.

"Tata," nikamwambia, "naona kama nawaibia watoto."

Hakuinua macho. "Mwanangu, ukifundisha, unaficha kwamba hujui?"

"Hapana, tata. Wakiniuliza nisilolijua nawaambia tutalitazama kesho."

"Na kesho mnalitazama?"

"Tunalitazama."

"Mimi nilianza kufundisha herufi nikiwa sijamaliza kitabu cha herufi," akasema. "Nilikuwa nakwenda kituoni Jumamosi kuchukua za wiki ijayo, kwa miguu, kwenda na kurudi. Wengine walichukua chumvi, mimi nilichukua herufi." Kisha akanitaka nisome Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nane, nirudi nimwambie ni nani alikuwa mwalimu wa nani.

Msomaji anaijua habari hiyo. Apolo wa Aleksandria alikuwa msomi, hodari wa Maandiko, msemaji. Waliomchukua nyumbani na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi walikuwa Priskila na Akila, mume na mke, mafundi wa mahema. Luka haelezi kama walikuwa na cheti chochote. Wala haelezi kwamba Apolo aliona haya kufundishwa nao. Nilirudi kwa mzee nikamjibu, akasema haya, nenda kapumzike, kesho una vipindi.

Sisemi kwamba elimu ndogo inatosha. Wapo wanaolitumia simulizi la Priskila na Akila kutetea uvivu, hasa katika uinjilisti, na ninapinga. Mafundi wale wa mahema walikuwa wamekaa na Paulo mwaka na zaidi, wakisikiliza. Sisi tuliobaki kazini tulijitahidi vilevile. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, nikarudia hesabu mara mbili. Serikali ilipotaka walimu wa madaraja ya chini wajiendeleze hadi Daraja la A, katika miaka ya MMEM, nilikwenda chuoni nikiwa na watoto watano nyumbani. Darasani nilikaa jirani na kijana niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Aliniita mwalimu mpaka siku ya mwisho, na mimi nilinakili hesabu kutoka kwenye daftari lake.

Nchi ilirudia jambo lilelile mara ya tatu. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa haraka kuanzia mwaka 2004 na kuendelea, walimu wakakosekana, vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wenye ulimi wakawaita vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa wamepata sifuri, kabla hayajafutwa na kupangwa upya, lawama nyingi ziliwashukia hao vijana. Nilipokutana na mmoja wao kwenye kivuko alikuwa anatembea kama nilivyotembea mimi mwaka 1977. Nilimkaribisha nyumbani tukala wali na mbasa. Sikumpa shauri lolote, nilimwuliza tu anafundisha nini kesho.

Sasa kuna sura ya nne, nayo imegeuka juu chini. Binti yangu wa tatu ana shahada ya ualimu. Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akahitimu vizuri, akarudi Kyela kusubiri ajira. Kila tangazo la ajira za walimu linapotoka anaomba, na orodha hutoka, na jina lake halijawamo. Mimi mzee wa darasa la saba niliyepewa darasa bila kuomba namtazama mwanangu mwenye shahada aliyenyimwa darasa analoliomba. Wakati huohuo shule iliyo umbali wa nusu saa kutoka kwetu ina wanafunzi wengi na walimu wa kuhesabu kwa vidole. Basi anafundisha hapo kwa kujitolea, yeye na vijana wengine wawili. Wazazi huchangia wanachoweza, mara nyingi ni mpunga. Mchana anakwenda kwenye kakao yetu, kuvunja matunda na kuanika mbegu, kwa sababu mwenye kujitolea naye anakula.

Jambo hili limefika kwenye baraza la wazee wa usharika wetu. Wapo wanaosema shule zilichukuliwa na serikali tangu 1970, na anayechukua ng'ombe achukue na kumlisha. Hoja hiyo ina nguvu, na mzee aliyeitoa anakumbuka kwa mikono yake matofali ya shule ile, maana aliyabeba. Mwingine alisema tukianza kuwalipa, serikali itaona hakuna pengo na haitaleta mwalimu kamwe. Hilo nalo lina ukweli. Mama mmoja, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, aliuliza ni nani kati yetu wazee pale mezani aliyefundishwa kusoma na mtu mwenye mshahara uliotosha. Tulitazamana. Nilikuwa mwangalifu nisiseme sana, kwa kuwa mwanangu alikuwa ndani ya hoja, na nilipopiga kura nilitoka nje.

Waliporudi kuniita walikuwa wameafikiana: gunia moja la mpunga kila mwezi kwa walimu wote watatu, kutoka sadaka ya mavuno, hadi Desemba. Desemba litajadiliwa upya. Katibu aliandika pia kwamba barua ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri kueleza idadi ya wanafunzi na idadi ya walimu, na nimepewa mimi kazi ya kuiandika.